Shangazi na Visahani vya Majivu

Watu wote walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mhudumu wa baa moja tangu ilipokuwa na meza chache na feni moja, akaiona ikiongezewa ukumbi wa nyuma, runinga kubwa na vyoo vya vigae, na kwa muda wote huo hakuwahi kutia sigara mdomoni. Hata siku moja. Naomba hilo likae kichwani mwako, maana kuna watu watakuja kusema mengine kabla habari hii haijaisha.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, na ulimi hakunyimwa. Mteja aliyemwita kwa mluzi alikaa na kiu yake mpaka ajifunze kuita kwa adabu. Aliyelewa akaanza kulia habari za mkewe alipewa maji baridi na maneno ya moto. "Hayo kamwambie yeye. Mimi umenioa lini?" Watu walicheka, na kesho yake walirudi. Bosi mwenyewe alijua kwamba nusu ya wateja walifuata bia, na nusu walifuata kusutwa na Shangazi.

Kilichomsumbua ni kifua. Kilianza kama mafua yasiyotaka kuisha, kikawa kikohozi cha asubuhi, halafu kikaanza kupiga filimbi. Alipopanda ngazi za nyumba alimopanga chumba pamoja na binti wa marehemu kaka yake, ilimbidi asimame katikati, ashike ukuta na kujifanya anatafuta funguo. Binti huyo alikuwa fundi cherehani, mtu wa kuangalia kila uzi ulipopita, wala hakudanganyika.

"Shangazi, funguo unazo mkononi," alimwambia siku moja. Kesho yake alimpeleka hospitali, nusu kwa kumbembeleza na nusu kwa kumburura.

Daktari alimsikiliza mgongoni, akainua picha ya mapafu kwenye mwanga, akaitazama kwa muda.

"Ulianza kuvuta lini, mama?"

"Sijavuta."

"Nina maana zamani, ujanani."

"Ujanani, jana na leo. Sijavuta, daktari."

Daktari alitabasamu tabasamu la mtu aliyezoea kudanganywa na wagonjwa. Binti ndiye aliyeingilia kati akaeleza shangazi yake anafanya kazi wapi, na jinsi nguo zake zinavyoanikwa nje usiku kucha kabla hazijaruhusiwa kuingia chumbani. Hapo tabasamu likamtoka daktari. Akaeleza taratibu kwamba mapafu yaliyokwisha kuchakaa hayarudi kuwa mapya, lakini yaliyobaki yanaweza kulindwa.

"Ama moshi utoke huko kazini, ama utoke wewe," alisema. "Mkiendelea kukaa pamoja, atakayeshindwa ni wewe. Na si mbali."

Kutoka ni neno jepesi kwa mwenye pa kwenda. Shangazi alijaribu. Alizunguka kwenye mikahawa kuulizia kazi, na kila mahali walimsikiliza vizuri mpaka alipokohoa. Nani amweke mezani mhudumu anayekohoa mbele ya chakula cha watu? Binti naye bado alishonea cherehani ya kuazima. Mtu wa kaunta, ambaye wote walimwita Kaunta kana kwamba mbao ndizo zilizomzaa, alimpa ushauri wa bure. "Moshi unaokulisha, Shangazi, ni bora kuliko hewa safi yenye njaa." Shangazi hakuwa na la kumjibu, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa wa pili.

Na sheria ilikuwepo. Hili ndilo linaloniudhi mimi ninayekusimulia. Sheria ilikuwepo, tena nzuri, imekataza sigara ndani ya baa na kumbi zote za starehe, na tangazo lake lilibandikwa ukutani kama ilivyotakiwa. Kisha friji likahamishwa, likasimamishwa mbele ya tangazo. Aliyetaka kulisoma alipaswa kwanza kuwa na nguvu za kusukuma friji.

Siku sheria ilipotangazwa, baa iligeuka bunge. Mmoja alisema baa si zahanati, anayetaka afya akanywe maziwa nyumbani kwake. Fundi wa pikipiki, ambaye yeye mwenyewe hakuvuta, alisema kumkataza mtu mzima ni kumdharau, leo sigara, kesho watatupimia chumvi. Aliyesema kwa busara zaidi ni Mwalimu, mstaafu aliyekaa siku zote kwenye meza ya dirishani ili apulizie moshi wake nje. Mwalimu alisema sheria ni ya haki kabisa, tena imechelewa, ila ingeanzia kwanza mahali pengine. Akavuta, akageuza uso dirishani, akapuliza. Nusu ya moshi ilitoka nje. Nusu ikarudi kumsalimu Shangazi.

Katika maoni yote hayo hakuna aliyemuuliza anayepeleka bia. Si kwa ubaya. Ni kwamba mhudumu huonekana pale tu anapochelewa.

Bosi hakuvuta, wala hakupenda moshi. Hesabu zake alifanyia nje, uani, kwenye hewa. Lakini aliogopa. "Nikikataza mimi peke yangu, wote watahamia kwa jirani," alisema. Basi akaweka utaratibu. Mlinzi wa getini akimwona bwana afya anakuja, anabisha bati mara mbili. Kaunta akisikia bati, anagonga chupa tupu kwa opena. Chupa ikilia, kila mtu ana kazi yake. Mpishi anamwagia makaa mafuta ili jikoni kufuke, upatikane moshi wa kusingiziwa. Kaunta anafungua madirisha. Wateja wanatupa sigara zao kwenye visahani vya majivu. Na Shangazi anapita meza kwa meza, anachota visahani, anavitia kwenye mfuko mkubwa wa aproni yake, anakwenda kuvizamisha kwenye ndoo ya maji iliyo chini ya karo la jikoni, na mpishi anaifunika kwa tambara.

Mfuko ule aliushona binti wa kaka yake, kwa agizo la Bosi, ukatiwa bitana ya koti la mvua ili usipitishe unyevu. Shangazi alikuwa hodari wa kazi hiyo. Bwana afya akifika mlangoni, meza zilikuwa safi kama za shule ya chekechea. Wateja walimshangilia akishatoka, na Shangazi, nisikufiche, alifurahia kushangiliwa. Kila mtu anapenda kusifiwa kwa anachokiweza, hata kama anachokiweza ndicho kinachomuua.

Baada ya yale ya daktari, alimfuata Bosi uani. Hakuomba makubwa. Aliomba benchi. Baa ya jirani, ile ile Bosi aliyoiogopa, ilikuwa imeweka benchi nje chini ya bati, wavutaji wanatoka, wanavuta, wanapiga soga, wanarudi kunywa, na wala haikufungwa. Alikuwa amekwenda kuiona kwa macho yake. Wahudumu wa kule walikuwa wanacheka bila kukohoa.

"Hapa uani nikiweka benchi, gari langu nilipaki wapi?" Bosi aliuliza.

"Bosi, nakufa."

"Usiseme hivyo, Shangazi. Nani atawasuta wateja?" Akacheka, akampiga bega kidogo, akarudi kwenye hesabu zake. Alidhani amemtania. Shangazi alisimama pale akiangalia gari, lilivyokaa kwenye kivuli kizuri, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani jambo baya limpate mtu.

Asubuhi moja kabla ya zamu alikwenda ofisi ya afya. Mama aliyekuwa zamu alimsikiliza mpaka mwisho. Shangazi alimweleza kila kitu: waje siku ya mechi kubwa, mchana, ukumbi ukiwa umejaa, waangalie mezani. Aliomba jambo moja tu, jina lake lisitajwe kwa mtu yeyote, hata kwa atakayetumwa. Mama yule alimwahidi, na ahadi yake aliitimiza, Mungu ambariki kwa uaminifu huo.

Lakini kuna jambo Shangazi hakulisema. Hakusema habari ya bati na chupa. Hakuficha. Halikumjia tu kichwani, kama wewe usivyoweza kumweleza mtu ni mguu upi unaotangulia ukitoka kitandani. Kwake ile haikuwa siri, ilikuwa kazi.

Siku ya mechi alifunga aproni, akaikaza. "Leo," alimwambia binti. Binti, aliyejua yote, alimwekea kitambaa safi mkononi, akamshika kidole kidogo namna alivyomshika alipokuwa mtoto wa kuvushwa barabara.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa juu ya kreti. Moshi ulitanda mpaka runinga ikaonekana kama iko nyuma ya pazia. Shangazi alipita na sinia akihema kwa mdomo, kifua kinapiga filimbi yake, na ndani ya moyo wake alikuwa na furaha ya mtu anayengoja mgeni. Vuteni, alisema kimoyomoyo. Vuteni sana. Leo ndiyo ya mwisho.

Bati likalia mara mbili. Chupa ikajibu kutoka kaunta.

Mazoea yana taabu. Kichwa chake kilikuwa kinasema amekuja, amekuja, na mikono yake ilikuwa tayari mezani. Meza ya kwanza, ya pili, ya mafundi, ya wale wa kwenye kreti. Sigara zilidondoka kwenye visahani, visahani vikadondoka mfukoni, hakuna hata punje ya jivu iliyomwagika. Alikuwa hodari siku ile kuliko siku zote. Aliinama chini ya karo, akavimimina vyote ndoani, maji yakafanya chwaa. Sauti ile ndiyo iliyomzindua.

Alibaki ameinama. Mpishi alikuwa anafunika ndoo na kumwambia asogee. Shangazi, kwa mikono yake miwili, alikuwa ameufukuza uzima wake mlangoni.

Kisha akakumbuka meza ya dirishani. Hakuifikia. Kisahani cha Mwalimu kilikuwa bado mezani, na sigara yake ikiwaka. Kimoja kinatosha. Alirudi ukumbini karibu anakimbia, akaenda kusimama kando ya meza ile ili jicho la bwana afya likimtafuta mhudumu lione na kisahani.

Bwana afya akaingia. Alikuwa kijana wa shati jeupe, akinusa hewa kama mtu aliyeingia nyumba ngeni.

"Ni jiko, bwana afya," Bosi aliwahi kusema. "Mpishi anachoma nyama, leo kuna mechi."

"Harufu hii ni ya sigara."

"Tazama mezani, mheshimiwa. Ukiona hata kipisi, nifungie baa."

Kijana akaanza kutazama meza moja baada ya nyingine. Sasa nisikilize vizuri. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa adabu, aliona kwamba Shangazi amemsahau, na kwamba atapata matatizo kwa kumsahau. Akataka kumsaidia. Alikichukua taratibu kisahani chake pamoja na sigara, akakipitisha chini ya meza, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

"Umenisahau, Shangazi," alinong'ona.

Shangazi alihisi uzito ule mfukoni. Hakusogea. Angesogea kwenda wapi? Bwana afya alifika meza ya dirishani, akaikuta safi. Akashusha mabega. "Harufu haimtii mtu hatiani," alimwambia Bosi, akageuka kuondoka. Hapo ndipo bitana ya koti la mvua ilipoanza kuungua.

Uzi mwembamba wa moshi ulipanda mbele ya kifua cha Shangazi.

"Pafukapo moshi pana moto," alisema yule kijana, karibu kwa huruma. "Mama, toa kilichomo mfukoni."

Alikitoa. Kisahani kimoja, sigara moja.

"Ya nani hii?"

Shangazi alimtazama Mwalimu. Mwalimu aliitazama runinga. Shangazi akafungua kinywa kusema, na kikohozi kikamshika. Kilikuwa kikohozi kirefu cha kumkunja mtu kama nguo inayokamuliwa. Alishika meza. Alinyanyua mkono akaonyesha jikoni, kwenye karo, kwenye ndoo, ili kijana aende akaone, na liwalo na liwe. Kaunta, mwepesi wa kuelewa, alikimbilia jikoni akamletea glasi ya maji.

Alipopata pumzi, Bosi alikuwa ameshamaliza kusema. "Tumemkanya sana, mheshimiwa. Ni mama wa siku nyingi hapa, tunamvumilia. Wateja wetu wote wanaheshimu sheria. Ni yeye tu."

"Sijavuta maishani mwangu," Shangazi alisema.

Kijana alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la daktari, na Shangazi alipoliona alijua hakuna neno litakalolifuta. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, watu aliowajua majina ya watoto wao, watu aliowafunga kamba za viatu wakilewa. Hakuna aliyepandisha hata mkono.

"Kisheria ningekupeleka mahakamani, mama," alisema bwana afya, "lakini kwa umri wako, leo nakuonya tu. Na nakuomba kama mwanao, acha sigara. Hebu sikiliza kifua chako kinavyolia." Akampa Bosi mkono kwa kuweka ukumbi vizuri, akaenda zake.

Mlinzi alipobisha bati kuashiria njia nyeupe, ukumbi ulilipuka. Walimshangilia kuliko siku zote. Alikuwa amejitwisha msalaba wa wote, walisema, mama gani huyu, chuma cha reli. Mtu alimwekea kiti. Fundi wa pikipiki alitaka anunuliwe soda.

"Ni mimi niliyemwita," Shangazi alisema.

Wakamgeukia.

"Nilikwenda mwenyewe ofisini kwao. Ni mimi niliyemwita, kwa sababu mnaniua."

Halafu mmoja akaangua kicheko, akafuatwa na wa pili, na ukumbi mzima ukacheka mpaka watu wakashikana mabega. Shangazi bwana. Hata ulimi wake umenusurika na moto. Bosi alicheka akafuta machozi. Mwalimu peke yake hakucheka. Alimsogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe. Mtu wa umri wangu, kusimamishwa mbele za watu..." Hakumaliza. Akatoa sigara nyingine akaiwasha.

"Shangazi," mtu akaita kutoka kwenye kreti, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa, "tuletee visahani."

Alikwenda jikoni. Alivitoa kwenye ndoo, akavikausha kwa kitambaa safi alichopewa na binti, akavirudisha mezani, cha kwanza kwa Mwalimu.

Jua lilikuwa halijazama aliporuhusiwa kwenda nyumbani mapema, kwa heshima ya ushujaa wake. Kwenye ngazi alisimama mara nyingi, na safari hii hakutafuta funguo. Binti alikuwa amesimama juu, mlangoni, akimngoja.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Akaona?"

"Aliniona mimi."

Binti hakuelewa, kisha akaiona aproni. Akaifungua kiunoni kwa shangazi yake, akaingiza mkono mfukoni, vidole vikatokea upande wa pili kwenye tundu lenye kingo nyeusi. Akakaa kitandani nayo mapajani. Alikuwa fundi, na fundi akiona tundu hujua jambo moja la kufanya, hata pale anapolia.

"Nitie kiraka?" aliuliza hatimaye.

Shangazi alikuwa amekaa dirishani, ameegemea chuma cha dirisha, anaivuta hewa ya nje kidogo kidogo kama mtu anayeonja kitu cha moto.

"Tia, mwanangu," alisema. "Na bitana uifanye nzito zaidi. Kesho naingia zamu ya mchana."